Mbili-Nane-Nne ya Makole

Walimu wenu wanapowaleta hapa kwangu Makole, mnasimama mlangoni na ovaroli zenu mpya, mnaniamkia wote kwa pamoja kama kwaya, halafu macho yanakimbilia rafuni. Najua mnachotaka. Mnataka niwashe kitu kitoe moshi na kupiga filimbi. Nitawasha, msiwe na haraka. Lakini kazi hii ya kutengeneza vichwa vya treni vya mfano haianzi na moto. Inaanza na kuhesabu magurudumu, na kuhesabu huko kulinitoa jasho mimi niliyekwisha kuitwa fundi.

Mimi ni fundi bati. Nilizaliwa Haneti, kwenye mbuzi na uwele, nikaletwa mjini kukaa na shangazi yangu. Mume wa shangazi alikuwa na kibanda cha kutengeneza vibatari, ndoo na mikebe ya kupimia mafuta ya taa. Alinifundisha kukunja bati na kulehemu kwa sababu hakuwa na mtu mwingine wa kumfundisha. Siku zile mwanamke kushika nyundo lilikuwa jambo la kuja kutazama, na mtu akishasimama kutazama mwisho hununua kibatari. Baadaye niliolewa na Yakobo, Mnyamwezi wa Tabora, mtu wa reli. Alianza kama mchochea moto kwenye vichwa vya mvuke, akawa dereva. Tukampata binti mmoja, Neema, na tangu hapo mimi nikawa Mama Neema, yeye Baba Neema, hata tukiwa wawili tu jikoni.

Dizeli zilipochukua njia yote, vichwa vya mvuke viliegeshwa, vikakaa vinapata kutu. Yakobo alifundishwa dizeli akaimudu. Siku ya kwanza aliporudi kutoka safari ya dizeli nilimpa beseni la maji kama kawaida. Akanawa, na maji yakabaki meupe. Alisimama akiyatazama yale maji kwa muda, kisha akayamwaga pale pale mlangoni. Miaka yote nilikuwa nimelalamikia masizi yake kwenye shuka zangu. Siku ile niliyatamani.

Baada ya wiki kadhaa akaniuliza kama ningeweza kumtengenezea kimoja, kidogo tu, cha kuweka mezani. Sikuona ugumu. Nilichukua kopo la maziwa ya unga likawa boila, nikaweka bomba la moshi, nikakata magurudumu sita, nikapaka rangi nyeusi. Nikampa. Akakigeuza, akanishukuru vizuri, akakiweka juu ya kabati. Kisha akasema kwa upole kwamba ni kizuri, ila hajui ni cha nani, maana hakuna kichwa kilichowahi kupita Dodoma kikiwa vile. Ilikuwa kama mtu umemchorea mama yake halafu akuulize huyu ni nani.

Kesho yake alimwaga mezani vizibo vya soda na vifungo vya shati. Vizibo vilikuwa magurudumu makubwa, vifungo vilikuwa madogo. Akapanga mstari mmoja: kifungo, vizibo vinne, kifungo. Akaniuliza hicho ni kichwa gani. Nikajibu, moja, nne, moja. Akatikisa kichwa.

“Wewe si Mgogo?” akaniuliza. “Mbuzi akikupa ubavu, unaona miguu mingapi ya upande wako?”

“Miwili.”

“Na ukimpeleka mnadani unasema ana miguu miwili?”

Hapo nikaelewa, na ninyi eleweni hapo hapo. Gurudumu la upande huu lina mwenzake upande wa pili, na yote yanahesabiwa. Namba ya kwanza ni magurudumu madogo ya mbele, yanayotangulia kuonja kona na kukiongoza kichwa. Namba ya katikati ni makubwa, yale yanayozungushwa na mvuke, Yakobo aliyaita magurudumu ya kazi. Namba ya mwisho ni madogo ya nyuma, yanayobeba uzito wa sanduku la moto. Pasipo na kitu unasema sufuri. Kile kilichokuwa kinapangapanga mabehewa pale stesheni hakikuwa na madogo mbele wala nyuma, kwa hiyo kilikuwa sufuri-sita-sufuri. Na kile cha vizibo mezani kilikuwa mbili-nane-mbili.

Ni namba tatu tu, lakini Yakobo alizisoma kama mtu anavyosoma uso. Ukimtajia magurudumu ya kazi machache na makubwa sana, alikwambia hicho ni cha mbio, kitatamba tambarare lakini mlima kitauomba radhi. Ukimtajia manane, alikwambia hicho ni mbeba mizigo. Alichokipenda kuliko vyote ni mbili-nane-nne. Ni kama kile cha vizibo, ila nyuma kina jozi mbili za madogo badala ya moja, kwa hiyo kinaweza kubeba sanduku la moto kubwa zaidi bila kuumiza reli. Alisema ndicho alichopandia nacho mlima wa Saranda kwenda Manyoni, mizigo imejaa, na bado mvuke ukabaki. Akilitaja hilo alinyoosha mkono wa kushoto hewani, akashika mpini wa mvuke ambao haukuwepo. Mimi nikawa natengeneza vitu kwa ajili ya ule mkono.

Basi vichwa vikaanza kutoka. Vya mezani kwanza, kisha vya kutembea kwenye reli. Kile cha kwanza cha magurudumu manane ya kazi kilikataa kona kabisa. Nilikuwa nimetengeneza reli za duara sebuleni, na kila kikifika kwenye mkunjo kilipanda juu ya reli kikaanguka. Nikapanua duara mpaka tukakosa pa kuweka viti. Yakobo alipochoka kula amesimama, aliniambia nitazame magurudumu yenyewe. Kila gurudumu la treni lina mdomo wa ndani unaoshika reli, na midomo minane kwenye fremu iliyonyooka haiwezi kukubaliana na kona fupi. Nikaikata midomo ya jozi mbili za katikati, zikabaki bapa kama kibao cha chapati. Kichwa kikapita kona kama nyoka. Viti vikarudi.

Kosa lingine lilinichekesha mimi mwenyewe baadaye. Mzungu mmoja wa misheni, mzee, alipita kibandani akaagiza kwa mdomo kichwa cha moja-nne-moja. Yakobo alikuwa safarini, sikuwa na wa kumuuliza. Nikajiambia mteja ni mteja. Nikatengeneza kitu chenye gurudumu moja mbele katikati, manne makubwa, na moja nyuma katikati, kama baiskeli iliyomeza meza. Yule mzee alipokiona alicheka mpaka akavua miwani. Kumbe kwao hawahesabu magurudumu, wanahesabu jozi, na alichotaka ni mbili-nane-mbili ile ile. Nikamtengenezea hicho, akachukua vyote viwili, na akasema kile kibaya atakiweka mbele. Tangu siku hiyo nikisikia namba isiyogawanyika kwa mbili, nauliza kwanza mtu ametokea wapi.

Na yuko mkulima wa zabibu wa Hombolo aliyeagiza zawadi ya baba yake. Mzee huyo alikuwa amefanya kazi ya kutandika mataruma, ile mihimili inayolaliwa na reli, na alikuwa amemwambia mwanawe anataka lile dude refu kuliko yote. Nikajua anasema Garati. Garati ni boila moja nene katikati, na chini yake fremu mbili zenye magurudumu, moja mbele na moja nyuma, zimegeuziana mgongo. Unaisoma mara mbili: nne-nane-mbili, kisha mbili-nane-nne. Nilihangaika nayo msimu mzima. Mkulima alipokuja kuichukua akaizunguka, akaniuliza kwa heshima zote kama hivyo viwili viligongana njiani. Ikabidi niisukume kwenye kona aone inavyojikunja, ndipo akaamini.

Mengine ya kazi nawapa kwa haraka, maana yaliniumiza. Boila ya kichwa kinachowashwa kweli usiilehemu kwa risasi. Mimi nililehemu. Maji yakapungua bila mimi kuona, risasi ikayeyuka, sehemu ya nyuma ikafunguka na mvuke wote ukamwagika kwenye kanga yangu mpya. Nashukuru ilikuwa kanga peke yake. Boila ichomelewe kwa gesi na fimbo ya shaba, na kabla ya kuiwekea moto ijaze maji baridi, uyasukume kwa pampu ya mkono mpaka uridhike kwamba haivuji. Maji baridi yakipata upenyo yanatiririka tu, lakini mvuke ukipata upenyo unakuunguza. Na usitumie maji ya kisima cha hapa kwetu, yana chumvi, yanaacha ukoko ndani kama birika la mama ntilie. Kinga maji ya mvua, hata kidogo, yatunze kwa ajili ya boila.

Sasa niwaambie kwa nini kile kikubwa kipo uani.

Yakobo alistaafu, na miaka ikapita vizuri. Kisha akaanza kusahau. Kwanza yalikuwa majina ya majirani, nasi tukacheka, maana hata mimi nilikuwa nimeanza kuyapoteza. Halafu akamsahau shemeji yake aliyekula naye jana. Hospitali walituambia ni maradhi ya kusahau yanayowapata baadhi ya wazee, kwamba hayarudi nyuma, na kwamba tuwe na subira. Subira nilikuwa nayo. Nilichokosa ni mlango wa kumzuia. Asubuhi alikuwa anaamka, anavaa koti, anadai chakula chake cha safari kwa sababu zamu yake imefika, na anatoka kwenda stesheni ya zamani. Watu wa pale walimjua. Walimkalisha, wakampa chai, wakanipigia simu. Nikimfuata alinifuata bila ubishi, ila njia nzima aliniuliza nani atapeleka treni.

Siku moja hakuishia stesheni. Aliipita, akafuata reli kuelekea magharibi, akakaa juu ya reli yenyewe kusubiri kichwa chake kije. Mchungaji mmoja aliyekuwa anavusha ng'ombe alimwona, akamsihi, na alipokataa akambeba. Treni ya mizigo ilipita wakiwa hawajafika mbali. Yule mchungaji alimleta mpaka hapa kwa pikipiki ya kukodi. Nilimkaribisha uji akashindwa kuunywa.

Neema alikuja kutoka Dar es Salaam na ile treni mpya ya umeme, safari ambayo zamani baba yake alilala njiani kuimaliza. Alikuja ameshaamua. Alisema kwake kuna geti, kuna mlinzi, kuna msichana wa kazi, na baba atakaa salama. Nilimwambia baba yake hajawahi kuishi mahali asiposikia treni. Ndipo akasema lile lililokuwa limemleta.

“Mama, siku moja utaletewa habari badala ya baba.”

Alikuwa anasema kweli. Nilimwomba aniachie mpaka mvua zinyeshe. Kama baba yake atatoka tena nje ya uzio huu, nitamfungia nguo mimi mwenyewe. Akakubali huku analia, na kabla hajaondoka alimlipa jirani yetu awe anakaa na baba yake asubuhi. Mimi nikarudi kibandani, ambako nilikuwa nimeshaacha kazi, macho yangu hayataki tena vitu vidogo. Ndiyo maana niliamua kutengeneza kikubwa.

Kama hakai nyumbani kwa sababu treni ziko kule, basi treni ije huku. Niliyasema hayo kwa fundi Shabani, yule wa gesi, rafiki yetu wa siku nyingi, na yeye hakuniuliza mara mbili. Alichomelea boila na fremu, mengine yote ni mikono hii. Reli ni chuma bapa kilichosimamishwa kwenye mataruma ya mbao, kinazunguka nyumba nzima, kinapita nyuma ya choo na chini ya kamba za nguo. Kichwa ni kirefu kama benchi, na dereva anakaa kwenye kigari nyuma yake. Mnadhani nilichagua magurudumu gani? Ni mbili-nane-nne.

Nilipokuwa nafanya kazi Yakobo alikaa karibu. Nilimpa gurudumu alishike, akapitisha kidole kwenye mdomo wake, akasema hili la kazi, hili la kuongoza. Hakujua siku wala mwezi. Siku niliyofunga magurudumu ya nyuma nilikuwa nimechoka, nikaweka jozi moja nikaona imetosha kwa siku hiyo. Aliinama akatazama chini ya fremu.

“Bado jozi moja,” akasema. “Ukikiacha hivi kitakuwa kingine.”

Nililia kibandani mle, nikiwa nimeshika spana. Mtu aliyesahau harusi yetu alikuwa amekumbuka jozi moja ya magurudumu. Nilifurahi, na nilikionea wivu kile chuma.

Siku ya kuwasha alibadilika mgongo. Alinyooka. Alitazama kioo cha maji kabla ya kutazama moto, alipaka mafuta kila kiungo, alifungua vali za silinda kutoa maji yaliyotuama ndani. Hakuna aliyemwambia. Alilalamika juu ya makaa tu, akasema wao walichoma mafuta mazito, na kwamba mafuta yakileta masizi kwenye mabomba walitupia mchanga mkavu kwenye moto ukavutwa ukayasugua yote. Nilimwomba dereva avumilie makaa. Akavumilia. Kichwa kikaguna, kikateleza kidogo, kikashika reli, na mume wangu akapita chini ya kamba za nguo akiwa amekaa kwenye kigari chake, anatazama mbele.

Hakutoka tena nje ya uzio. Kila asubuhi aliamka akasema zamu imefika, nami nikamwambia kichwa kiko tayari uani. Neema alipiga simu kuuliza kama baba anatoka. Nikamwambia hatoki. Mvua zikanyesha, zikapita, na hakuna aliyezungumzia Dar tena.

Lakini nisiwadanganye kwamba nilipata nilichokuwa nakitaka. Nilimpata mtu wa kubaki nyumbani, na kwake nyumba ikawa stesheni. Mimi nikawa msaidizi wake. Aliniita hivyo, msaidizi. Nikichelewesha maji alinikemea. Nikichochea vizuri alinisifu, na sifa zake zilikuwa za kweli, maana nilikuwa nimejifunza kwa muda mrefu. Jioni, tukila, aliniuliza kwa adabu kama naishi karibu na kama watu wangu hawatanitafuta. Nilikaa naye mchana kutwa nikiwa na hamu naye. Nilitaka aniite Mama Neema mara moja tu, hata kwa kunigombeza.

Amekwisha kututoka, mnajua. Alifia kitandani kwake, Neema akiwa amemshika mkono. Watu wakija kunipa pole hunisifia kile kichwa, na mimi hukubali, kwa sababu ni kazi nzuri. Ninyi mkikipenda, chungulieni chini mhesabu, kisha mniulize la ufundi lolote. Lakini kuna alasiri moja ambayo sikuwahi kuitengeneza kwa mikono, nayo ndiyo ninayoitamani irudi.

Ilikuwa kiangazi, upepo wa Dodoma umeinua vumbi, na alikuwa amesimamisha kichwa pale kwenye kivuli cha ukuta ili nijaze maji. Nilikuwa nimeinama na kopo. Akaniuliza kama nina mke. Nikamwambia sina, na hapo nilisema kweli tupu.

“Mimi ninaye,” akasema. “Ni fundi. Mikono yake ina makovu hapa, na hapa.” Akanionyesha kwenye mikono yake mwenyewe, mahali penyewe hasa. “Watu wa reli tunawaacha wake zetu peke yao sana. Sijawahi kumwambia kuwa najua.”

Maji yalinimwagikia miguuni. Niliogopa nikisema neno atapotea.

“Wewe utatangulia kushuka,” akaendelea. “Ukifika, pita nyumbani kwangu. Mwambie nimechelewa, lakini nakuja.”

“Nitamwambia, dereva.”

Akaridhika. Akafungua mvuke taratibu, akaondoka, akazunguka nyumba. Jioni ile, nikiwa nasonga ugali peke yangu jikoni, nilisema kwa sauti, ili mtu aliyetumiwa ujumbe asikie: Mama Neema, Yakobo anasema amechelewa, lakini anakuja.